SAG au BAFTA? Ipi ya kufuata unapotabiri Oscar za uigizaji

Kosa linalowaangusha wengi wanaotabiri Oscar za uigizaji ni kutafuta tuzo moja ya kuifuata kwa vipengele vyote vinne. Haipo. Tuzo inayoona sawasawa kwa waigizaji wakuu ina makengeza kwa waigizaji wasaidizi, na mwenzake ni kinyume chake. Kwa hiyo swali la "SAG au BAFTA?", yaani tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani au tuzo za filamu za Uingereza, lina majibu mawili, na jibu utakalolitumia linategemea kipengele unachokitabiri.

Hesabu ya hapa chini ni ya misimu 11, kuanzia Oscar zilizotolewa 2015 hadi zile za 2025. Kila msimu una washindi wanne wa uigizaji, jumla 44: waigizaji wakuu 22, wa kiume na wa kike, na wasaidizi 22. Namba ni mara ambazo mshindi wa tuzo husika ndiye aliyekuja kubeba Oscar. Golden Globes na Critics Choice ni tuzo za waandishi na wahakiki.

| Tuzo | Wakuu (22) | Wasaidizi (22) | Jumla (44) |
|---|---|---|---|
| BAFTA | 19 | 17 | 36 |
| SAG | 15 | 20 | 35 |
| Golden Globes | 17 | 16 | 33 |
| Critics Choice | 13 | 19 | 32 |

Ukitazama safu ya mwisho peke yake, BAFTA na SAG zimepishana kwa moja tu, na mtu mwenye haraka atasema ni yale yale. Safu mbili za katikati ndizo zenye habari. Kwa wakuu, SAG imekosa mara 7 na BAFTA mara 3. Kwa wasaidizi, SAG imekosa mara 2 na BAFTA mara 5.

Ile 17 ya Golden Globes isikudanganye. Globe huwagawa waigizaji wakuu katika mafungu mawili, la drama na la vichekesho au muziki, hivyo kila msimu hutoa washindi wawili ambapo Oscar hutoa mmoja. Tumehesabu kuwa imepatia ikiwa yeyote kati ya hao wawili alishinda. Ni kama kuweka mikeka miwili kwenye mechi moja kisha kujisifu kwa ule uliolipa. Kwa wasaidizi, ambako Globe hutoa tuzo moja kama wengine, imebaki na 16 na kushika mkia.

Zikikubaliana, tulia

Katika washindi hao 44, SAG na BAFTA zilimchagua mtu yule yule mara 28. Mara zote 28 mtu huyo alibeba Oscar. Hapo hakuna kazi ya kufanya: ukiona SAG na BAFTA zimempa Cillian Murphy, kama 2024, andika jina lake uhamie kipengele kingine. Wanaopenda kushangaza watu kwa kutabiri tofauti hupotezea pointi zao hapa.

Je, muungano huo umewahi kuvunjika? Ndiyo, lakini itabidi urudi nyuma. Mwaka 2002 Russell Crowe alichukua SAG, BAFTA na Globe, halafu Oscar ikaenda kwa Denzel Washington. Inatosha kukuzuia usiweke nyumba rehani, haitoshi kukufanya ubadili jina.

Kazi yote, basi, imo katika zile mara 16 ambazo mbili hizi zilitofautiana. Kumi ni za waigizaji wakuu, sita za wasaidizi.

Waigizaji wakuu: anza na BAFTA

Katika tofauti kumi za wakuu, Oscar ilikwenda na BAFTA mara 7 na SAG mara 3. Za BAFTA ni Casey Affleck (2017), Olivia Colman (2019), Anthony Hopkins na Frances McDormand (2021), Emma Stone (2024), Adrien Brody na Mikey Madison (2025). Za SAG ni Jessica Chastain (2022), na Brendan Fraser pamoja na Michelle Yeoh (2023).

Mambo hayakuwa hivi zamani. Ukichukua Oscar za 2010 hadi 2014, SAG ilipata wakuu 9 kati ya 10 na BAFTA 6 tu. Miaka hiyo ushauri wa kufuata SAG ulikuwa sahihi, na wengi waliujifunza wakati huo na hawajaubadili. Kilichobadilika ni wapiga kura wenyewe. Baada ya lawama za 2016 kwamba wateule wote wa uigizaji walikuwa wazungu kwa mwaka wa pili mfululizo, Academy, chombo kinachotoa Oscar, ilianza kualika wanachama wapya kwa wingi, wanawake zaidi, watu wa rangi zaidi, na wengi kutoka nje ya Marekani. Kutoka wanachama kama 6,000 imefikia karibu wapiga kura 10,000. Chombo kilichokuwa cha Los Angeles kimeanza kupiga kura kama chombo cha kimataifa, na hapo ndipo BAFTA ilipopata makali.

SAG kwa upande wake ni chama cha wafanyakazi. Wapiga kura wake wa mwisho ni zaidi ya laki moja, na tangu 2012, SAG ilipoungana na AFTRA, chama cha wasanii wa televisheni na redio, humo wamo watangazaji, waigizaji wa matangazo ya biashara na watu wa televisheni ambao hawajawahi kupata jukumu kubwa kwenye sinema. (Kuanzia 2026 tuzo zenyewe zinaitwa The Actor Awards. Hapa tunabaki na jina walilolizoea watu.) Ndani ya Academy, waigizaji ndilo tawi kubwa kuliko yote, lakini ni kama mmoja tu kati ya wapiga kura wanane. Wengine ni wahariri, watunzi wa muziki, watayarishaji, mafundi wa sauti. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba "waigizaji wamesema" ina uzito mdogo kuliko inavyosikika.

Angalia pia SAG ilimpa nani mara hizo saba ilizokosa: Denzel Washington, Glenn Close, Chadwick Boseman, Viola Davis, Lily Gladstone, Timothée Chalamet, Demi Moore. Karibu kila jina lilikuja na hadithi ya nje ya skrini. Close alikuwa ameteuliwa Oscar mara saba bila kushinda. Boseman alikuwa amefariki Agosti 2020. Gladstone angekuwa mshindi wa kwanza kutoka jamii za Wamarekani wa asili. Chalamet angevunja rekodi ya mshindi mdogo kuliko wote katika kipengele chake, na Moore alikuwa akisherehekewa kama mkongwe aliyekumbukwa mwishoni. Kura ya laki moja inapenda hadithi. Kura ya 10,000 nayo inaipenda, lakini huiweka kwenye mizani pamoja na filamu.

Na filamu ndiyo kitu cha pili cha kupima. Hesabu Oscar ngapi filamu imeteuliwa kwa jumla. Filamu ya Close, "The Wife", ilikuwa na uteuzi mmoja tu, wa kwake. Ile ya Colman, "The Favourite", ilikuwa nao 10. Mpiga kura ambaye hajamaliza rundo la filamu zake ataiona ya pili kwanza. McDormand na Madison wote walishinda wakiwa ndani ya filamu zilizoshinda Filamu Bora usiku ule ule. Yeoh vilevile, na hapo ndipo BAFTA ilipoteleza: "Everything Everywhere All at Once" iliondoka na Oscar saba, lakini BAFTA iliipa tuzo moja tu, ya uhariri. BAFTA ikionekana baridi kwa filamu nzima ambayo Marekani imeipenda kwa moto, punguza imani yako kwa uamuzi wake juu ya waigizaji wa filamu hiyo. Kwa Fraser kipimo hiki hakisaidii, maana filamu yake haikuwa hata kwenye orodha ya Filamu Bora. Kuna mbio ambazo dalili hazitoshi.

Kabla ya kuiamini BAFTA, uliza swali moja: mshindi wa SAG alikuwepo kwenye orodha ya BAFTA? Tangu 2021 BAFTA hutumia jopo dogo katika kuchagua wateule wa uigizaji, badala ya kuacha kura peke yake iamue, ili majina yasiyotarajiwa yapate nafasi. Matokeo yake orodha hutofautiana sana na ya Oscar. Mwaka 2022 wateule sita wa BAFTA kwa mwigizaji mkuu wa kike hawakuwa na hata mmoja aliyeteuliwa Oscar. Aliyeshinda, Joanna Scanlan, hakuwa mbioni huko Los Angeles, hivyo BAFTA haikuwa na la kukuambia.

Pale ambapo wote wawili walikuwepo, ushindi una maana. Hopkins alimshinda Boseman ana kwa ana huko London. Brody alimshinda Chalamet, Madison akamshinda Moore, Colman akamshinda Close. Lakini Stone hakumshinda Gladstone kwenye BAFTA, kwa sababu Gladstone hakuteuliwa. Vivyo hivyo McDormand hakukutana na Davis wala Carey Mulligan, na Affleck hakukutana na Washington. Zote tatu zilitokea kuwa sahihi, ila ni ushahidi mwembamba zaidi. Mwaka 2014 wembamba huo uliwaumbua waliouamini: BAFTA ilimpa Chiwetel Ejiofor tuzo ambayo Matthew McConaughey hakuwa hata kwenye orodha yake, na Oscar ikaenda kwa McConaughey.

Waigizaji wasaidizi: SAG kwanza

Huku mambo ni rahisi. Mara mbili tu SAG ilikosa katika 22, na sababu ni ile ile zote mbili: mshindi wake hakuteuliwa Oscar. Idris Elba (2016) na Emily Blunt (2019) walishinda SAG wakati Academy haikuwa imewaweka kwenye orodha. Kila mara mshindi wa SAG alipokuwa kwenye orodha ya Oscar, alishinda. Mara 20 kati ya 20.

Makosa matano ya BAFTA yana sura moja, na ukishaiona huwezi kuisahau. Kate Winslet (2016), Dev Patel (2017), Rachel Weisz (2019), Barry Keoghan na Kerry Condon (2023): Waingereza watatu, Waairishi wawili. Wapiga kura wa BAFTA huvutwa na watu wa kwao kwenye nafasi za wasaidizi kuliko kwenye nafasi za wakuu. Hata ile mara moja iliyopatia peke yake, Mark Rylance mwaka 2016, ilikuwa kwa Mwingereza. Kwa hiyo BAFTA ikimpa msaidizi wa kwao na SAG ikasema jina jingine, nenda na SAG.

Ya Winslet ina kisa kidogo cha ziada. Aliyebeba Oscar mwaka huo, Alicia Vikander, hakuwa akishindana na Winslet kwa filamu ile ile. BAFTA na Globe zilimweka Vikander kwenye mwigizaji mkuu kwa "The Danish Girl" na kwenye msaidizi kwa "Ex Machina". SAG na Oscar zikaichukua "The Danish Girl" kama nafasi ya msaidizi. Hili hutokea mara kwa mara, kwani studio hufanya kampeni kwenye kipengele kinachoonekana chepesi, halafu kila chombo huamua chenyewe. Kabla ya kulinganisha matokeo hakikisha ni kipengele kile kile na filamu ile ile. Wengi hawafanyi hivyo, kisha hushangaa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanao mfano wa karibu, nje kidogo ya misimu yetu 11. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o alishinda SAG na Critics Choice, lakini Globe na BAFTA zikaenda kwa Jennifer Lawrence. Waliofuata SAG waliandika jina la Lupita bila wasiwasi. Usiku ule ule wa BAFTA, Barkhad Abdi, mzaliwa wa Somalia, alichukua tuzo ya msaidizi wa kiume. SAG ilikuwa imempa Jared Leto, ambaye BAFTA haikumteua kabisa, na Oscar ikawa ya Leto. Vipengele viwili, SAG viwili, BAFTA sifuri. Daniel Kaluuya, Mwingereza mwenye asili ya Uganda, hakumsumbua mtu mwaka 2021: alizoa zote nne.

Mshindi wa SAG asipokuwa kwenye orodha ya Oscar utafanyaje? Hapo Critics Choice inakuwa ya pili kwa wasaidizi, na namba yake ya 19 si ya kubahatisha. Mwaka 2019 ilikuwa imemtaja Regina King, ambaye SAG na BAFTA hazikumteua kabisa, naye akashinda. Lakini mwaka 2016 ilimtaja Sylvester Stallone, ambaye naye hakuteuliwa na SAG wala BAFTA, na akashindwa na Rylance. Dalili zile zile, matokeo tofauti. Mbio za namna hiyo zipe nafasi nusu kwa nusu, usizidishe.

Mitego inayofanana na akili

Mtego mkubwa ni kujumlisha tuzo. Mantiki yake inavutia: aliyeshinda tatu kati ya nne lazima awe mbele. Kwa waigizaji wakuu njia hii imewaangusha watu vibaya. Boseman alikuwa na Globe, Critics Choice na SAG. Moore alikuwa na zile zile tatu. Close alikuwa nazo pia, ingawa Critics Choice aligawana na Lady Gaga. Wote watatu walishindwa na mtu mwenye BAFTA. Cate Blanchett mwaka 2023 alikuwa na Globe, Critics Choice na BAFTA, akashindwa na mwenye SAG. Globe na Critics Choice hupigiwa kura na waandishi na wahakiki, na hakuna hata mmoja wao anayepiga kura ya Oscar kwa kazi hiyo. SAG na BAFTA zina wanachama ambao pia ni wa Academy. Kuzipa zote nne uzito sawa ni kumsikiliza jirani wa bwana harusi kama vile ni mjomba wake.

Tuzo za vyama vya wahakiki vya miji, New York na Los Angeles, ziache kwenye hatua ya kutabiri wateule, na hata hapo kwa tahadhari. Marianne Jean-Baptiste alizipata zote mbili kwa mwaka wa filamu wa 2024, na Oscar haikumteua.

Mtego mwingine ni kalenda. Watu husema mshindi wa SAG "ameshika kasi" bila kuangalia tarehe. Mwaka 2025 kura ya mwisho ya Oscar ilifunguliwa Februari 11 na kufungwa Februari 18. BAFTA zilitolewa Februari 16, SAG Februari 23. Chalamet aliposimama jukwaani na tuzo yake ya SAG, kura za Oscar zilikuwa zimeshafungwa siku tano, na hotuba yake isingeweza kumbadilisha mtu. Mwaka 2024 ilikuwa tofauti, SAG iliangukia katikati ya siku za kupiga kura. Andika tarehe za kufungua na kufunga kura kabla ya kila kitu. Tuzo inayotoka baada ya hapo ni dalili tu, haina nguvu ya kusukuma.

Kuhusu kampuni za kubeti: namba zao ni maoni ya umati, si siri iliyovuja. Stallone, Close, Boseman na Moore wote walikuwa vinara wa kubetiwa. Ukitaka kuzitumia, zibadilishe kuwa asilimia kwanza. Gawa 1 kwa odi. Tuseme wateule watano wana odi za 1.25, 4.50, 15, 34 na 51. Utapata asilimia 80, 22, 7, 3 na 2, jumla 114. Hizo 14 za juu ni faida ya kampuni. Gawa kila moja kwa 114, na kinara wako wa asilimia 80 anashuka hadi 70. Yaani katika mbio kumi za namna hiyo, tatu anapoteza. Watu husoma odi ya 1.25 kama "tayari", kumbe namba yenyewe haisemi hivyo.

Kumbuka pia jinsi kura ya mwisho inavyohesabiwa. Filamu Bora hupangwa kwa mapendeleo, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uigizaji hauna hayo: kila mpiga kura anataja jina moja, na mwenye kura nyingi ameshinda, hata akiwa na asilimia ishirini na kitu. Wateule wawili wanaopendwa na kundi lile lile wanaweza kugawana kura na kumpisha wa tatu. Idadi za kura hazitangazwi kamwe, kwa hiyo anayekuambia fulani "alikosa kidogo tu" anabuni. Tena kuanzia Oscar za 2026 mpiga kura hupaswa kuwa ametazama filamu zote zilizoteuliwa kwenye kipengele kabla ya kukipigia kura. Ile faida ya filamu yenye uteuzi mwingi huenda ikapungua kidogo, na filamu ndogo yenye uteuzi mmoja ikapata macho iliyoyakosa zamani.

Kwa vitendo, basi. Fungua karatasi yenye safu nne. Futa kwanza kila mshindi wa SAG na BAFTA ambaye hayumo kwenye orodha ya Oscar. Palipobaki jina moja linalofanana, funga kipengele. Palipotofautiana kwa wasaidizi, andika la SAG. Palipotofautiana kwa wakuu, andika la BAFTA, isipokuwa kama BAFTA imeipuuza filamu nzima inayoongoza mbio za Filamu Bora. BAFTA ikiwa imefutwa, chukua la SAG. Kwa misimu 11 hiyo njia hii ingekupa wakuu 21 na wasaidizi 20, ukikosa Fraser upande mmoja, na upande mwingine zile mbio mbili za Elba na Blunt ambazo SAG haikuacha jina. Bila shaka kanuni imeshonwa baada ya nguo kuvaliwa, na 22 ni idadi ndogo. Mwaka 2014 ingekuponyoka kwa Ejiofor.

Watayarishaji wa sherehe ya Oscar ya 2021 walifuata njia nyingine. Walihamisha Filamu Bora kutoka mwisho wa usiku na kumalizia na mwigizaji mkuu wa kiume, wengi wakaamini ni kwa ajili ya heshima ya mwisho kwa Boseman. Bahasha ikafunguliwa, jina likawa la Hopkins, ambaye wakati huo alikuwa amelala nyumbani Wales. BAFTA ilikuwa imeshamtaja siku 14 kabla, Boseman akiwa kwenye orodha ile ile.